Waifai Inapokataa Kurudi Baada ya Laptop ya Linux Kuamka: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu unashughulikia tatizo moja tu. Laptop inayotumia Linux inalazwa, inaamshwa, na kila kitu kinarudi isipokuwa waifai. Ukiizima na kuiwasha upya, waifai inarudi. Wengi huishia hapo na kuzoea kuwasha upya mara kadhaa kwa siku. Nakusihi usizoee. Kuwasha upya kunafuta ushahidi wa kilichotokea, na bila ushahidi kila dawa utakayojaribu ni ya kubahatisha. Tatizo hili mara nyingi lina dawa inayojulikana, mradi ujue kwanza ni ngazi gani imekatika.

Mfano unaotumika ni ThinkPad T480 yenye kadi ya Intel Wireless 8265 na mfumo wa Ubuntu 24.04. Hatua zilezile zinafaa kwa Debian na Linux Mint. Kwa laptop nyingine, badilisha majina ya kadi na moduli kama utakavyoelekezwa. Usinakili ya hapa.

Istilahi zitatumika kwa maana hizi pekee. Kulala ni hali ambayo kazi zako zinabaki kwenye RAM huku sehemu kubwa ya mashine ikikatiwa umeme au kutulizwa. Kadi ni kifaa cha waifai kilicho ndani ya laptop. Kiendeshi ni moduli ya kerneli inayoiongoza kadi. Famiwea ni programu ambayo kiendeshi huipakia ndani ya kadi. Kiolesura ni jina ambalo mfumo huiita kadi, kwa mfano wlp3s0. Meneja ni NetworkManager, huduma inayochagua waifai na kuomba anwani. Ruta ni kifaa kinachotoa waifai.

1. Andaa vifaa

Weka mezani laptop na chaja yake, simu iliyounganishwa na waifai ileile, waya wa USB, daftari na kalamu. Simu ina kazi mbili: kuthibitisha kwamba waifai yenyewe iko hai, na kuipa laptop intaneti kwa waya pale itakapohitajika. Hakikisha unajua nenosiri la sudo. Fungua terminali, kisha sakinisha zana tatu:

    sudo apt install iw rfkill pciutils

Ukaguzi: amri `sudo iw dev` ionyeshe mstari unaoanza na neno Interface.

2. Rekodi hali nzuri kabla ya kulaza

Washa laptop upya mara moja, hakikisha waifai inafanya kazi, kisha endesha amri hizi moja baada ya nyingine:

    uname -r
    ip -br link
    ip route
    lspci -nnk -d ::0280
    cat /sys/power/mem_sleep

Andika daftarini mambo sita: toleo la kerneli, jina la kiolesura, anwani ya ruta, ambayo ni namba inayofuata maneno "default via", anwani ya kadi, ambayo ni namba ya mwanzo kabisa katika jibu la lspci, kwa mfano 03:00.0, jina lililo kwenye mstari wa "Kernel modules", na neno lililo ndani ya mabano ya mraba katika jibu la mwisho.

Chukua jina la moduli kutoka mstari wa "Kernel modules", usichukue la "Kernel driver in use". Kwa Intel majina hayo hufanana, lakini kwa baadhi ya kadi za Realtek mstari mmoja husoma rtw_8822ce na mwingine rtw88_8822ce, na amri za baadaye zinalikubali hilo la pili.

Neno la mabanoni ni aina ya kulala. `deep` ni usingizi mzito, ambapo karibu kila kitu isipokuwa RAM hukatiwa umeme. `s2idle` ni usingizi mwepesi, ambapo mashine hutulizwa bila kuzimwa. Laptop nyingi za miaka ya karibuni zina s2idle pekee.

Ikiwa lspci haikujibu kitu ilhali waifai inafanya kazi, huenda kadi yako ni ya USB. Tumia `lsusb` kuitambua, na uruke hatua ya 6.

3. Laza na uamshe kwa utaratibu mmoja

Hifadhi kazi zote zilizo wazi. Usifunge mfuniko, tumia amri, ili kila jaribio lifanane na lililotangulia:

    sudo rtcwake -m no -s 60
    systemctl suspend

Amri ya kwanza inatega saa ya ndani iamshe mashine sekunde 60 baada ya kutegwa, bila kuilaza. Ya pili inailaza kwa njia ya kawaida. Huenda umeona ushauri wa kutumia `rtcwake -m mem`, unaofanya yote mawili kwa amri moja. Usiutumie hapa: njia hiyo inampita systemd pembeni, meneja hapati taarifa kwamba mashine inalala, na unakuwa umepima jambo jingine.

Mashine isipoamka yenyewe ndani ya dakika 2, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja kisha achia. Usikishikilie, kwani kitazima mashine kabisa.

Baada ya kuamka, subiri sekunde 30, kisha pima:

    ping -c 3 192.168.1.1

Weka anwani ya ruta yako. Ikiwa majibu 3 yanarudi, rudia hatua hii kwa `-s 1800`, kwa sababu kuna makosa yanayojitokeza baada ya usingizi mrefu tu. Kisha rudia chaja ikiwa imechomolewa. Programu ya TLP, kama umeisakinisha, kwa kawaida huwasha ubanaji wa umeme wa waifai pale laptop inapotumia betri na kuuzima ikiwa kwenye chaja. Kwa hiyo kosa linaweza kuonekana upande mmoja tu. Andika ni hali ipi inayozalisha kosa. Usiendelee na hatua ya 4 kabla hujalizalisha.

4. Kusanya ushahidi kabla ya kugusa chochote

Kosa likiwa bado lipo, endesha:

    sudo journalctl -b -k --since=-5min > ~/ushahidi-kerneli.txt
    sudo journalctl -b -u NetworkManager -u wpa_supplicant --since=-5min > ~/ushahidi-mtandao.txt

Kama ulilaza kwa sekunde 1800, andika -40min badala ya -5min.

Ukaguzi: fungua faili la kwanza kwa `less` na utafute mistari miwili, "PM: suspend entry" na "PM: suspend exit". Isipokuwepo yote miwili, muda uliochagua ni mfupi. Ongeza na urudie. Habari unayoitaka iko kati ya mistari hiyo na muda mfupi baada ya wa pili.

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo ninayoiombea subira yako kuliko zote.

5. Tafuta ngazi iliyokatika

Pima kuanzia chini kwenda juu. Ngazi ya chini ikikatika, zote zilizo juu yake zitaonekana mbovu hata kama ni nzima. Simama kwenye ngazi ya kwanza inayoshindwa, nenda hatua iliyotajwa, na usipime zaidi.

Ngazi ya kadi: endesha `lspci -d ::0280`. Jibu likiwa tupu, au mstari ukiishia na "(rev ff)", kadi haijibu. Katika ushahidi wa kerneli utakuta mara nyingi "Unable to change power state from D3cold to D0, device inaccessible", maana yake kadi ilikatiwa umeme na haikurudishwa. Nenda hatua ya 6.

Ngazi ya kiendeshi: endesha `ip -br link`, kisha `grep -i iwlwifi ~/ushahidi-kerneli.txt`. Kiolesura kikikosekana, au ukikuta "Microcode SW error detected" au "Failed to start RT ucode", nenda hatua ya 7.

Ngazi ya kufuli la redio: endesha `rfkill list`. Kwenye kipengele cha Wireless LAN, "yes" yoyote inakupeleka hatua ya 9.

Ngazi ya meneja: endesha `nmcli device status` na `nmcli -t -f STATE general`. Kiolesura kikionyesha unavailable, unmanaged au disconnected, au amri ya pili ikijibu asleep, nenda hatua ya 10.

Ngazi ya anwani: kama nmcli inasema connected lakini kurasa hazifunguki, nenda hatua ya 11.

6. Rudisha kadi iliyopotea

Hifadhi kazi zako kwanza. Soma anwani ya kadi daftarini na uilinganishe tarakimu kwa tarakimu na utakachoandika. Diski ya NVMe nayo imeunganishwa kwenye njia hiyohiyo ya PCI. Ukiandika anwani yake kwa makosa, mfumo utaiondoa diski ukiwa unaitumia.

    echo 1 | sudo tee /sys/bus/pci/devices/0000:03:00.0/remove
    echo 1 | sudo tee /sys/bus/pci/rescan

Ikiwa lspci ilikuwa tupu kabisa, faili la remove halitakuwepo. Endesha amri ya pili pekee.

Ukaguzi: `lspci -d ::0280` ionyeshe kadi bila "(rev ff)", na kiolesura kirudi ndani ya sekunde 15. Kisiporudi, zima laptop kabisa na uiwashe; ushahidi tayari unao.

Huo ulikuwa uokoaji. Dawa yenyewe inaanza kwa kubadilisha aina ya kulala, kama mashine ina aina mbili. Ikiwa mabano yalikuwa kwenye deep:

    echo s2idle | sudo tee /sys/power/mem_sleep

Rudia hatua ya 3 mara tatu. Kosa likitoweka, fungua faili la /etc/default/grub kwa `sudo nano`, ongeza `mem_sleep_default=s2idle` ndani ya nukuu za mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT baada ya maneno yaliyopo, hifadhi, endesha `sudo update-grub`, washa upya, kisha thibitisha mabano yamehama kwa `cat /sys/power/mem_sleep`. Gharama yake ni kwamba s2idle kwa kawaida hula betri zaidi ya deep. Ikiwa mabano yalikuwa kwenye s2idle na deep ipo kwenye orodha, jaribu kinyume chake.

Ikiwa aina ya kulala ni moja tu, au kuibadilisha hakukusaidia, sasisha BIOS. Chomeka chaja, betri iwe juu ya nusu, kisha:

    fwupdmgr refresh
    fwupdmgr get-updates
    fwupdmgr update

Usiguse mashine mpaka sasisho likamilike na mfumo uwake tena. Kisha rudi hatua ya 3.

7. Pakia kiendeshi upya, kisha tafuta sababu

Angalia moduli zilizopakiwa:

    lsmod | grep iwl

Kadi ya 8265 hutumia iwlmvm iliyoegemea iwlwifi. Kadi za zamani, kama Centrino Advanced-N 6205 ya ThinkPad T430, hutumia iwldvm badala ya iwlmvm. Ondoa ya juu kwanza, kisha ya chini, kisha irudishe ya chini, nayo itaivuta ya juu yenyewe:

    sudo modprobe -r iwlmvm iwlwifi
    sudo modprobe iwlwifi

Kwa kadi ya kampuni nyingine, tumia jina uliloandika katika hatua ya 2, mfano ath10k_pci au mt7921e. Ukijibiwa "is in use", endesha `nmcli radio wifi off`, rudia amri zote mbili, kisha `nmcli radio wifi on`.

Ukaguzi: kiolesura kionekane na ping ya ruta irudishe majibu 3. Isiporudi, fanya hatua ya 6 kabla ya kuendelea hapa.

Kupakia upya kukifanikiwa, umethibitisha kwamba kasoro iko kwenye kiendeshi, kwenye famiwea, au kwenye mazungumzo kati ya viwili hivyo. Shughulikia sababu kwa mpangilio huu. Badilisha jambo moja, laza, amsha, pima. Ndipo uende kwenye jingine. Ukibadilisha mawili kwa pamoja, hutajua lipi limeponya.

Kwanza, sasisha kerneli na famiwea:

    sudo apt update
    sudo apt full-upgrade

Ubuntu huweka famiwea kwenye kifurushi cha linux-firmware. Kwenye Debian kifurushi ni firmware-iwlwifi, na tangu Debian 12 kinatoka sehemu ya hazina inayoitwa non-free-firmware. Hakikisha jina hilo limo kwenye orodha ya vyanzo vyako. Washa upya, kisha thibitisha kilichopakiwa:

    sudo dmesg | grep "loaded firmware version"

Pili, kama kosa lilianza baada ya sasisho, washa upya, fungua menyu ya GRUB, ingia "Advanced options for Ubuntu", chagua kerneli ya awali na urudie hatua ya 3. Ikiwa ya zamani inaamka vizuri na mpya inashindwa, umepata jambo la thamani kubwa kwa wanaotengeneza kerneli. Andika matoleo yote mawili.

Tatu, punguza ubanaji wa umeme ndani ya kiendeshi. Kabla ya kuandika chaguo lolote, hakikisha moduli inalitambua:

    modinfo -p iwlmvm

Ukiona power_scheme kwenye orodha, endesha:

    echo "options iwlmvm power_scheme=1" | sudo tee /etc/modprobe.d/waifai.conf

Kwa mt7921e chaguo ni disable_aspm=1; kwa rtw88_pci ni disable_aspm=y. Washa upya. Ukaguzi: `cat /sys/module/iwlmvm/parameters/power_scheme` ijibu 1. Ikijibu 2, faili halikusomwa; kagua tahajia. Kama kosa bado lipo baada ya haya, futa faili hilo, kisha nenda hatua ya 8.

8. Tengeneza hati ya kuamkia

Tumia hatua hii pale tu dawa za hatua ya 7 zimeshindwa lakini kupakia upya kunafanikiwa. Hati hii inaondoa kiendeshi kabla ya kulala na kukirudisha baada ya kuamka.

    sudo nano /usr/lib/systemd/system-sleep/waifai

Andika mistari hii, ukibadilisha majina ya moduli kulingana na daftari lako:

    #!/bin/sh
    case "$1" in
      pre)  modprobe -r iwlmvm iwlwifi ;;
      post) modprobe iwlwifi ;;
    esac

Hifadhi kwa Ctrl+O, Enter, Ctrl+X. Ipe ruhusa ya kuendeshwa. Bila hiyo haitaendeshwa:

    sudo chmod 755 /usr/lib/systemd/system-sleep/waifai

Jaribu kwa mkono kabla ya kulaza:

    sudo /usr/lib/systemd/system-sleep/waifai pre suspend
    ip -br link
    sudo /usr/lib/systemd/system-sleep/waifai post suspend
    ip -br link

Orodha ya kwanza isiwe na wlp3s0. Ya pili iwe nayo. Hapo ndipo urudie hatua ya 3. Waifai ikigoma tena, soma `journalctl -b -u systemd-suspend.service` uone hati ilisema nini.

Maelekezo ya zamani yanakuambia uweke hati kama hii ndani ya /etc/pm/sleep.d. Folda hiyo ni ya pm-utils. Ubuntu ilihamia systemd mwaka 2015, na systemd haiisomi.

9. Fungua kufuli la redio

Kama "Soft blocked" ni yes:

    sudo rfkill unblock wifi
    nmcli radio wifi on

Kama "Hard blocked" ni yes, hakuna amri itakayosaidia. Tafuta swichi pembeni mwa laptop au kitufe chenye alama ya antena au ndege, ukibonyeze pamoja na Fn mara moja.

Ukaguzi: `rfkill list` ionyeshe "no" mara mbili kwa Wireless LAN. Kufuli likijirudisha kila unapoamka ilhali hujagusa kitu, chukulia kuwa ni kosa la kiendeshi na ufanye hatua ya 7.

10. Amsha meneja

Endesha ya kwanza, subiri sekunde 20, upime. Ya pili ni kwa pale ya kwanza iliposhindwa:

    nmcli networking on
    sudo systemctl restart NetworkManager

Kuanzisha meneja upya kukisaidia, jaribu kuzima ubanaji wa umeme anaousimamia yeye. Ubuntu huja na faili la default-wifi-powersave-on.conf lenye thamani 3, yaani ubanaji umewashwa. Usilihariri. Tengeneza lako, /etc/NetworkManager/conf.d/waifai.conf, ambalo kwa mpangilio wa alfabeti linasomwa baada ya lile na hivyo kulitangua:

    [connection]
    wifi.powersave = 2

Anzisha meneja upya. Ukaguzi: `sudo iw dev wlp3s0 get power_save` ijibu "Power save: off". Kisha rudia hatua ya 3, ukianza na betri.

11. Kagua anwani na majina

Pima tatu kwa mfuatano:

    ping -c 3 192.168.1.1
    ping -c 3 1.1.1.1
    getent hosts wikipedia.org

Ya kwanza ikishindwa, unganisha upya kwa `nmcli connection up` ikifuatiwa na jina la waifai ndani ya nukuu. Ya kwanza ikipita na ya pili ikishindwa, chukua simu: kama nayo haina intaneti, tatizo liko kwenye ruta au bando limekwisha, na laptop haina kosa. Kama simu inayo, angalia `ip route`. Mstari wenye tun0 au wg0 unaonyesha VPN iliyobaki wazi tangu kabla ya kulala. Ifunge, uifungue tena. Ya tatu pekee ikishindwa:

    sudo systemctl restart systemd-resolved

12. Thibitisha, kisha kagua tena

Fanya mizunguko mitano ya hatua ya 3: miwili ya sekunde 60 kwenye chaja, miwili ya sekunde 60 kwenye betri, mmoja wa sekunde 1800 kwenye betri. Yote mitano irudishe majibu 3 ya ping bila wewe kugusa chochote. Mmoja ukishindwa, dawa haijakamilika. Rudi hatua ya 4 na ukusanye ushahidi mpya, kwa sababu ngazi iliyokatika sasa huenda si ile ya mwanzo.

Kama ulitumia hati ya hatua ya 8, iondolee ruhusa kwa `sudo chmod 644` kila kerneli mpya inapoingia, rudia mizunguko mitano, na uifute pale itakapopita bila hati. Kama hakuna kilichosaidia, peleka ripoti kwenye mfumo wa hitilafu wa usambazaji wako ukiambatisha mafaili mawili ya hatua ya 4, toleo la kerneli na jibu la lspci. Kabla ya kutuma, futa jina la waifai yako na anwani za MAC kutoka mafaili yote mawili.